Nyumba ya Ayeeyo na Cheti cha Kijani

Mhariri wa jarida letu la Chama cha Kiswahili aliponipa nafasi hii alinionya mapema: "Usituletee hadithi za mapenzi, kurasa zimejaa!" Basi ondoeni shaka. Mimi nawaletea habari za mabati, kipimajoto na bibi yangu mzaa mama, ambaye sisi nyumbani humwita Ayeeyo. Ni kisa cha kweli, na ndani yake mna kosa langu. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwetu ni Hagadera. Kambi hii ilifunguliwa mwaka wa 1992, mwaka mmoja baada ya Ifo, na Ayeeyo ni miongoni mwa waliofika mwanzo mwanzo, mama yangu akiwa mtoto wa mgongoni. Alipofika hakungoja fundi. Kwa Wasomali, anayejenga aqal ni mwanamke. Alikata fito, akazipinda, akazifunga kamba, akazifunika kwa mikeka, matambara na baadaye turubai. Aqal hiyo ilibomoka na kujengwa upya mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, lakini daima ilikuwa pale pale, chini ya mwarobaini, mlango wake ukitazama upande unakotoka upepo.

Nilipokuwa kidato cha pili, abti yangu aliye Minneapolis, kule Marekani, alituma pesa kwa hawala. Hooyo akaamua kujenga nyumba ya mabati: paa la mabati, kuta za mabati, mlango wa mabati. Lo! Nilifurahi utadhani nimechaguliwa kuwa waziri. Nani asiyetaka nyumba inayong'aa? Ayeeyo peke yake ndiye aliyekataa. Alisema aqal yake inamtosha. Mimi, kwa ujuba wa mwanafunzi aliyeonja elimu kidogo, nikamwambia, "Ayeeyo, hiyo ni nyumba ya porini. Dunia imesonga mbele." Alinitazama tu, asiseme neno. Nafasi ya uwanja ilikuwa ndogo, na mafundi walitaka kuanza kazi, kwa hiyo aqal ikavunjwa. Fito zake nilizivunja mimi mwenyewe kwa goti langu, zikawa kuni. Kumbukeni hilo, kwa maana nitalirudia.

Ilipofika Machi jua lilikuwa la utosini kwelikweli. Ninyi wenyewe mnaijua Machi ya Garissa, hata marabu wale wakubwa husimama wametanua mbawa kama watu walioishiwa na nauli. Siku hiyo nilirudi kutoka shuleni nikakuta watu wamejaa uwanjani kwetu. Ayeeyo alikuwa ameanguka ndani ya nyumba mpya. Dada yangu mdogo, Sahra, alikuwa akimmwagia maji kichwani huku akilia. Tulimpakia kwenye mkokoteni wa punda hadi hospitalini, nami nikikimbia kando nikimkinga jua kwa kanzu yangu. Walimtundikia chupa za maji. Muuguzi akatuambia kwamba ni joto lililomwangusha, na kwamba mzee wa umri wake asikae tena mchana kutwa ndani ya nyumba ile. Usiku ule sikupata hata lepe la usingizi. Masikioni nilisikia fito zikivunjika, ka, ka, ka.

Sasa, mpenzi msomaji, sikiliza namna mambo yanavyokutana. Wiki iyo hiyo, mwalimu wetu wa Hisabati alikuwa akitufundisha takwimu. Ili tusisinzie, alituletea habari za majengo ya kijani. Si majengo yaliyopakwa rangi ya kijani, hapana, ingawa nusu ya darasa ilidhani hivyo. Ni majengo yanayotumia umeme kidogo, maji kidogo, na vifaa visivyoharibu sana mazingira. Alitusimulia kuhusu ofisi za Umoja wa Mataifa huko Gigiri, Nairobi, zilizofunguliwa mwezi wa Machi 2011 na Rais Mwai Kibaki pamoja na Katibu Mkuu Ban Ki-moon. Juu ya paa lake pana paneli za sola zenye eneo la mita za mraba 6,000. Tulipiga miluzi.

Akaendelea kutueleza kwamba duniani kuna vyeti vya majengo kama hayo. Uingereza walianza na BREEAM mwaka wa 1990. Marekani wana LEED, ambayo jengo hupewa alama kati ya 110. Likipata 40 linapewa cheti cha kawaida, 50 ni fedha, 60 ni dhahabu, na 80 kwenda juu ni platinamu. Kisha kuna EDGE, uliobuniwa na shirika la IFC lililo chini ya Benki ya Dunia kwa ajili ya nchi kama zetu. Huo hauna alama nyingi. Jengo lazima liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 katika utengenezaji wa vifaa vyake, likilinganishwa na jengo la kawaida la mahali hapo.

Hapo nikainua mkono. Nikasema, "Mwalimu, basi nyumba yetu ya mabati ipewe platinamu! Umeme hatuna, kwa hiyo hatutumii hata chembe. Maji tunateka kwa jerikani bombani, tena kwa foleni. Nani ametushinda kwa kuokoa?" Darasa liliangua kicheko. Nami nilicheka, lakini moyoni haikuwa mzaha. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia kwamba nyumba ile ni nzuri, kwamba sikumuumiza bibi yangu kwa bure.

Mwalimu hakucheka. Alisema, "Kijana, usibishane na hewa. Pima." Akafungua kabati la maabara, akanipa vipimajoto vitatu na kunionya kwamba nikivunja kimoja nitakilipa mpaka nimalize kidato cha nne.

Nikachagua nyumba tatu. Ya kwanza yetu, ya mabati. Ya pili ya jirani, ya kuta nene za udongo na paa la mabati lenye dari ya makuti. Ya tatu aqal ya habaryar, mama yangu mdogo, bloku ya pili kutoka kwetu. Nikachora jedwali katika daftari la hesabu, nikaanza kwa mbwembwe.

Wiki ya kwanza nilivurunda. Kwa habaryar nilipita asubuhi nikienda shule. Nyumbani kwetu nilipima mchana nikirudi. Kwa jirani nilipima jioni nikienda kuteka maji. Nilipompelekea mwalimu majibu yangu, aqal ilikuwa imeshinda kwa mbali. Nilikuwa karibu kulia kwa majuto. Mwalimu akaniuliza swali moja tu: "Ulipima nyumba, au ulipima saa?" Nikafyata ulimi. Kumbe nilikuwa nalinganisha asubuhi na mchana, nikadhani nalinganisha mikeka na mabati! Kazi ya siku saba ikaenda na maji.

Nikaanza upya. Sasa tulikuwa watu watatu: mimi, Sahra na binamu yangu. Kila mmoja nyumba yake, na wote saa zile zile: saa kumi na moja alfajiri, saa nne asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku. Kipimajoto kilining'inizwa katikati ya chumba, kimo cha mtu aliyeketi, mbali na ukuta na mbali na jiko. Mimi na binamu tukiwa shuleni, zamu zetu za asubuhi na mchana zilishikwa na hooyo na habaryar, baada ya sisi kuwafundisha kusoma mistari. Tukafanya hivyo kwa siku kumi na nne.

Baada ya siku hizo nikatafuta wastani wa kila nyumba. Mabati: digrii 32.5. Udongo: 31.5. Aqal: 30.75. Nikashangaa. Tofauti haikufika hata digrii mbili! Nikajiambia, ahaa, kumbe nyumba zote ni sawa tu, Ayeeyo aliugua kwa sababu ya uzee. Nilishusha pumzi. Nilitaka sana kuishia pale.

Lakini mwalimu wetu si mtu wa kuridhika haraka. Alinieleza habari ya Marekani. Mwaka wa 2008 ilitolewa ripoti iliyochunguza majengo 121 yenye cheti cha LEED, ikasema kwamba majengo hayo hutumia nishati pungufu kwa asilimia 25 hadi 30. Watu wakashangilia. Mwaka uliofuata profesa mmoja wa fizikia, John Scofield wa Chuo cha Oberlin, alizichukua takwimu zile zile akazipiga hesabu upya. Aligundua kwamba ripoti ile ilihesabu kila jengo kuwa moja, kijumba kidogo sawa na jumba kubwa. Ni kama kusema kwamba chungu cha arusi na kikombe cha chai vyote ni "chombo kimoja". Alipoyapa majengo makubwa uzito wao, ile akiba ikasinyaa sana. Mwaka wa 2013 akachunguza majengo 953 ya ofisi katika jiji la New York, 21 kati yake yakiwa na cheti. Yale ya daraja la dhahabu yalifanya vizuri kuliko mengine kwa asilimia 20, lakini ya madaraja ya chini hayakuonyesha nafuu. Cheti ni kimoja kwa jina, lakini ndani yake mna mengi.

Tena akatuambia kwamba ukipanga majengo ya LEED kwa alama zao, utakuta mengi yamesongamana juu kidogo ya mistari ile ya 40, 50, 60. Tulicheka, maana tabia hiyo tunaijua. Si ndivyo sisi wenyewe tunavyosaka C+ ya kuingilia chuo kikuu? Ukishaivuka unalala.

"Sasa," mwalimu akasema, "wastani wako umempa nani uzito?"

Nilirudi nyumbani na swali hilo. Safari hii sikutafuta wastani wa siku nzima, nilitenga saa moja moja. Ndipo ukweli ukajitokeza kama jino bovu. Alfajiri, mabati yalikuwa digrii 25, aqal 25, na udongo 29. Usiku saa tatu, mabati 27, aqal 29, udongo 33. Yaani usiku nyumba yetu ilikuwa ya raha kuliko zote, kwa sababu mabati ni membamba, hayashiki joto, jua likitua nayo hupoa. Lakini saa nane mchana! Udongo 34, aqal 37, mabati 43. Digrii arobaini na tatu, ndugu zangu! Usiku wa raha ulikuwa umeufunika mchana wa mateso, na wastani ukatoka umevaa kanzu nyeupe kama shahidi mwaminifu.

Nikajiuliza, ni nani hukaa ndani ya nyumba ile saa nane mchana? Mimi niko shule. Sahra yuko shule, ila hupita mbio wakati wa chakula. Hooyo yuko sokoni. Aliyebaki ni Ayeeyo, miguu yake haimpeleki mbali. Sisi tulilala katika nyumba nzuri, yeye alishinda katika tanuri, na nyumba ni ile ile moja. Ukipiga hesabu kwa kutoa uzito kwa saa za mtu aliyemo ndani, jibu hubadilika kabisa.

Nilikuwa bado na kiburi kidogo kuhusu ile platinamu yangu ya mzaha. Jumamosi moja mwalimu akaturuhusu kutumia tableti za shule, tukafungua programu ya EDGE, ambayo mtu yeyote anaweza kuijaribu bila malipo. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sitalisahau. Jengo likiwa halina kiyoyozi, na mahesabu yakionyesha kwamba ndani kutakuwa na joto lisilovumilika, EDGE hailisifu kwa kutotumia umeme. Hukadiria umeme ambao ungehitajika ili watu wapate kukaa vizuri, kisha huuongeza katika hesabu ya jengo kana kwamba unatumika. Ni deni lisiloonekana.

Nikanyamaza kimya. Umeme ambao sisi hatukuutumia, nilioufanyia mzaha mbele ya darasa, Ayeeyo alikuwa akiulipa kwa mwili wake.

Jioni ile nilikwenda nikaketi miguuni pake. Nikamsomea jedwali lote, kwa Kisomali, saa baada ya saa. Nikamwambia, "Ayeeyo, mimi ndiye niliyevunja fito zako. Nisamehe." Alikaa kimya kwa muda, akipitisha tasbihi vidoleni. Kisha akaniuliza, "Hicho cheti unachosema, mwenye kukiandika huja saa ngapi?" Nikamjibu kwamba sijui. Akasema, "Mwambie aje saa nane mchana." Akacheka, na mimi nikacheka huku machozi yakinilengalenga.

Hatukukaa na kulia tu. Kwanza tulitazama wengine wamefanyaje. Kule Harare, Zimbabwe, kuna jengo linaloitwa Eastgate, lililofunguliwa mwaka wa 1996. Msanifu wake, Mick Pearce, aliiga mawazo ya vichuguu vya mchwa, hivi hivi tunavyovipita kila siku tukienda kutafuta kuni. Jengo hilo halina viyoyozi vya kawaida. Usiku huingiza hewa baridi ikapoza zege, mchana hewa ya moto hupanda na kutoka kwa juu. Nikasema, ikiwa mchwa amekuwa mwalimu wa msanifu, kwa nini Ayeeyo asiwe mwalimu wangu?

Yeye ndiye aliyetuongoza, akiwa ameketi juu ya mkeka na fimbo yake mkononi. Tulitoboa matundu mapana juu kabisa ya kuta mbili zinazotazamana, ili hewa ya moto ipate pa kutokea. Tulisimamisha nguzo za mathenge na kutandaza paa la pili la fito na mikeka juu ya mabati, tukiacha nafasi ya mkono mmoja kati yake ili upepo upite. Upande wa magharibi, jua linakochoma jioni, tukajenga kivuli cha makuti.

Mwezi wa Mei tukapima tena. Saa nane mchana, digrii 36! Nikaruka juu kwa furaha, kisha nikakumbuka swali la mwalimu: umepima nyumba, au umepima msimu? Mvua za Aprili zilikuwa zimepita, hata nje kulikuwa kumepoa. Basi nikaenda kwa jirani mwingine mwenye nyumba ya mabati kama yetu, ambayo haikuguswa. Kwake ilikuwa 41. Kwa hiyo kati ya digrii saba zilizopungua kwetu, mbili tumshukuru Mungu kwa mvua, na tano tumshukuru Ayeeyo.

Na chini ya mwarobaini, mahali pale pale, tulijenga aqal ndogo. Ndiyo, ile ile ya "porini". Fito nilizikata mimi, nikazipinda mimi, na Ayeeyo akazifungua mara tatu akisema nimezifunga kama mtu anayefunga mbuzi wa kuazima. Sasa hushinda humo mchana, na usiku huingia katika nyumba ya mabati kulala. Kila nyumba ina saa yake.

Wasomaji wapenzi, msinielewe vibaya. Sisemi vyeti ni uongo. Majengo yakiwa na watu wanaoyahesabu na kuyauliza maswali, ni heri kuliko yasipohesabiwa kabisa. Sisemi pia kwamba aqal ni pepo. Mvua kubwa ikija, mtakimbilia mabatini pamoja nami! Wala siwalaumu waliojenga kwa mabati. Kambini kwetu, kwa miaka mingi, haikuruhusiwa kujenga nyumba za kudumu, na mtu hujenga kwa alichonacho. Nasema tu kwamba tarakimu ni kama shahidi mahakamani. Usipomuuliza alikuwa wapi, saa ngapi, na alimwona nani, atakuambia kweli tupu na bado utapotoka.

Kwa walimu wetu nina ombi moja. Madarasa yetu nayo yana paa la mabati, na mitihani ya mchana hufanywa saa nane. Vipimajoto viko kabatini. Chama cha Kiswahili kiko tayari kushirikiana na wanahisabati, mradi jedwali liandikwe kwa Kiswahili sanifu. Mikeka tunaijua inakopatikana, na fundi mkuu ninaye nyumbani. Hadai mshahara, anadai chai ya maziwa na watu wanaosikiliza.

Vipimajoto vyote vitatu nimevirudisha vizima. Mwalimu ni shahidi. Kwaherini ya kuonana.